Lavenda Mlangoni pa Simba

Simba ya Cephas,
Kwa Mama Teresa,
Rangwe.
8 Machi 2025

Mwashi wa moyo wangu,

Salamu zangu kwako ni nyingi kuliko dagaa wa omena walioanikwa ufukweni Homa Bay, na hakuna paka atakayezimaliza.

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu kanisa zima likusikie ukisema "ndiyo" kabla mchungaji hajamaliza swali. Bado nacheka peke yangu. Nikiosha sufuria nacheka, nikichota maji nacheka. Dada yako Trizah ameniuliza kama huko kwetu Kuria watu wote hucheka hivi. Nikamwambia ni mimi tu, na sababu ina mikono mikubwa yenye simiti kwenye kucha.

Lakini neno simba sijakusamehe. Uliniambia, "Bhoke, tukioana tutalala kwenye simba kwanza," nami nikakaa wiki mbili nikijiuliza ni mtihani gani huu Wajaluo wanawapa wake zao. Kumbe ni nyumba ya kijana, karibu na lango la boma la wazazi! Sasa naipenda. Ina mlango mmoja, dirisha moja na kitanda kimoja, na kitanda hicho ni kikubwa mno wewe ukiwa Ogwedhi kujenga madarasa ya watu.

Trizah amenifundisha kwamba mzazi mwenye heshima hasogelei simba ya mwanawe. Kwa hiyo Mama akinitaka husimama pale kwenye mwarobaini katikati ya boma, akaita, "Nyar Kuria!" Binti wa Wakuria, ndilo jina langu hapa. Nami huitikia kutoka mlangoni. Tunapigiana kelele kama wauza samaki, lakini ni kwa heshima.

Sasa habari kubwa. Lavenda zetu sita zimeingia ardhini!

Unakumbuka? Ulikuwa unajenga ukuta wa ile nyumba ya wageni kule Migori, mimi nafua na kupiga pasi. Ulichuma kijiti cha lavenda pale ukutani, ukakitia kwenye mfuko wa aproni yangu, ukasema, "Hiki kinanukia kama wewe ukitoka kupiga pasi." Mwanamume gani husema maneno kama hayo akiwa amebeba karai? Wasichana wengine huletewa kabati siku ya harusi. Mimi niliwekewa vijiti sita vilivyoota mizizi ndani ya pakiti za unga, nikalia hadi poda ikaisha usoni.

Udongo wa hapa ni mweusi, unashikilia maji kama bahili. Basi nimeinua kituta, nikachanganya mchanga na changarawe na majivu ya jikoni, nikavipanda mbele ya mlango penye jua la kutwa. Trizah akaleta karai la samadi kwa upendo, nikamrudisha nalo. Lavenda ukiipenda kupita kiasi inakufa. Maji mengi inakufa, samadi nyingi inakufa, kivuli inakufa. (Mimi si lavenda. Mimi nipende bila kipimo.)

Nilipomaliza, Mama akasimama kwenye mwarobaini. "Nyar Kuria, unapanda nini hapo? Ni mboga ya osuga?"

Nikamjibu jina kwa sauti yangu yote, vile ninavyolitamka, na unavyonicheka. Unajua v haikai kinywani mwa Mkuria, inatoka b. Mama akashika kifua.

"Yawa! Hapo mlangoni?"

"Ndiyo, Mama! Mlangoni kabisa!"

"Kwa kupenda?"

"Kwa kupenda, Mama! Ni mapenzi ya Cephas!"

Akageuka akaenda. Jioni akamtuma Trizah: Mama anasema uzing'oe. Sababu Trizah hajui. Labda hapo anataka sukuma wiki. Cephas, mimi ni mke mwenye adabu. Nimepika, nimefagia boma hadi kuku wanaogopa kukanyaga. Lakini hizi sing'oi. Nimeona nikuambie mapema, usije ukasikia kwa mwingine.

Nimekutilia kijiti kidogo ndani ya bahasha. Lala nacho chini ya mto. Barua hii nampa Oyaro, dereva wa lori la ng'ombe, akirudi Ogwedhi.

Wako hata mto ukauke,
Bhoke


Ogwedhi,
20 Machi 2025

Bhoke wangu,

Usishangae karatasi. Ni mfuko wa simiti, upande wa ndani. Huku simu inapata mtandao juu ya kilima kimoja tu, na juu ya kilima hicho wamepanga foleni wachuuzi wa ng'ombe wote wakipiga kelele za bei. Siwezi kukuambia nakupenda huku mtu nyuma yangu anauliza fahali ana meno mangapi. Wacha tuandikiane.

Barua yako ilifika ikinuka ng'ombe upande mmoja na lavenda upande mwingine. Mafundi wenzangu wameinusa yote, nikawanyang'anya. Kijiti kiko chini ya mto wangu, ingawa mto wenyewe ni koti nililolikunja.

Umefanya vizuri kutia changarawe. Mvua zikianza, tandaza kokoto juu ya kituta, tope lisirukie majani. Ukuta na mmea vyote vinaharibiwa na maji yaliyokosa njia.

Kuhusu Mama, kuwa mpole tu. Ni mtu mwema aliyezoea kusikilizwa. Atanyamaza.

Darasa la pili limefika kwenye madirisha. Nikipima usawa wa ukuta nawaza wewe umesimama upande ule mwingine.

Mume wako (bado neno hili linanishtua),
Cephas


Rangwe,
26 Machi 2025

Kwa Cephas, mwanangu,

Ni mimi mama yako Teresa. Trizah anaandika kwa sababu macho yangu yana ukungu. (Kaka, ni kweli ninaandika tu anachosema. Usinikasirikie.)

Bibi uliyeniletea ana mikono ya kazi. Hilo nimeliona hata kwa ukungu huu. Chai yake ina majani ya kutosha. Lakini amepanda mti mbaya mlangoni kwako. Nilimwuliza jina, akanitajia mwenyewe, tena bila aibu. Ni mti uleule uliomuua Rateng', ng'ombe wangu mweusi, wewe ulipokuwa shule ya bweni. Nimetuma neno kwa upole ung'olewe. Akakataa. Nikamtuma Trizah ang'oe mchana bibi akiwa kisimani. Trizah akang'oa mitatu akaanza kulia, akaacha mitatu. (Kaka, ilinukia vizuri. Nilishindwa.)

Mimi siwezi kwenda hapo mlangoni kwako, unajua. Nitaonekanaje? Nakuambia wewe kwa sababu anasema ni mapenzi yako. Ni mapenzi yako mama yako apoteze ndama wa pekee? Mwambie autoe. Na usimwambie ni mimi niliyekuambia, asije akaona mama mkwe anamshitaki. Nataka tukae kwa amani.

Ndama hajambo. Magoti yangu ndiyo yanajua mvua iko karibu.

Mama yako,
Teresa
(na Trizah)


Ogwedhi,
2 Aprili 2025

Mpenzi Bhoke,

Natumaini Pasaka mtaisherehekea vizuri. Mimi sitapata ruhusa, tajiri anataka paa kabla ya mvua kubwa.

Nimekuwa nikifikiri, na hili ni wazo langu mwenyewe, halikutoka kwa mtu yeyote. Nimesikia huku kwamba lavenda huvuta nyoka. Nyoka hupenda harufu yake, wanakuja wanajikunja chini yake. Nami siko hapo kukulinda. Silali vizuri kwa sababu ya hofu. Basi ningeomba uzing'oe, uzitie kwenye kopo, uziweke mbali na mlango, au umpe mtu. Tukija kujenga nyumba yetu wenyewe nitakupandia mia moja.

Usinielewe vibaya. Ni kwa ajili ya nyoka tu.

Mume wako,
Cephas


Simba,
Rangwe.
7 Aprili 2025

Cephas, mume wangu niliyeolewa naye mbele ya watu,

Salamu sitaandika leo. Zimekasirika.

Nyoka gani? Kule Migori nilifanya kazi miaka miwili kando ya ukuta mzima wa lavenda. Nilichuma, nilianika, nilishona mifuko midogo ya kitambaa nikaweka katikati ya mashuka nondo wasile. Sijaona nyoka hata wa plastiki. Nilichoona ni nyuki, na fundi mmoja wa ukuta aliyejifanya anatafuta mwiko wake kila nilipopita.

Cephas, hujui kudanganya. Ulipoandika "halikutoka kwa mtu yeyote" nilijua papo hapo limetoka kwa mtu. Trizah aliniomba kalamu yangu tarehe ishirini na sita, akairudisha akiwa na macho mekundu. Simwiti Mama nyoka, Mungu anisamehe. Nakuita wewe mwoga, na Mungu hana haja ya kunisamehe hapo.

Sikukuandikia jambo hili kwa sababu sikutaka likuumize kazini, lakini sasa nakuandikia. Lavenda tatu zimeng'olewa. Nilitoka kisimani nikakuta mashimo matatu, kama kinywa kilichong'olewa meno. Niliketi pale chini na ndoo yangu nikalia. Kisha nikanyanyuka nikafanya kazi. Nimekata matawi kwenye kichaka cha barabarani, yale yenye maua ya rangi rangi, manjano na waridi katika ua moja, nimeyachomeka kuzunguka tatu zilizobaki. Ni ua zuri mno la kuzuia mifugo! Mbuzi wote wa jirani wanalinusa na kurudi nyuma. Mama akaliona kutoka kwenye mwarobaini, akaweka mikono kichwani. Akasema kwa Kiluo kwamba sasa mti umechanua. Trizah ndiye aliyenitafsiria. Sikujali.

Unisikilize vizuri. Nilikuja hapa na sanduku moja. Sijadai kabati, sijadai kochi, sijadai simu mpya. Kiluo najifunza. Samaki nawapika na vichwa vyao, wakinitazama. Naitwa kwa jina la kabila langu kila asubuhi na ninaitika "Naam, Mama." Yote haya ninayafanya kwa furaha, kwa sababu nikiyafanya nakuona wewe. Lakini nikikubali hiki kimoja ulichonipa kwa mkono wako kitolewe mlangoni bila hata kuambiwa kosa lake, basi kesho nitakubali nini? Nitabaki nani hapa? Nitakuwa mtu wa kufagia tu.

Sing'oi. Sihamishi kwenye kopo. Simpi mtu. Ukitaka zing'olewe, panda lori la Oyaro pamoja na ng'ombe, uje uzing'oe kwa mkono uleule ulionipa, mimi nikiwa nimesimama nakutazama usoni.

Nakupenda. Nimeandika hivyo kwa hasira lakini ni kweli.

Bhoke

N.B. Moja kati ya tatu ina kichwa cha ua. Bado ni kijivu, kama ncha ya kalamu. Sikutaka kukuambia nikiwa nimekasirika, lakini nimeshindwa kunyamaza.


Simba,
Rangwe.
19 Aprili 2025

Cephas,

Keti chini kwanza. Hakuna aliyekufa.

Ndama aliugua tangu Jumatano. Hali nyasi, hataki jua, anajificha nyuma ya jiko. Macho manjano, ngozi ya pua inachubuka. Jana asubuhi Mama akamwita Monari, daktari wa mifugo. Monari akamtazama akasema, "Huyu ametafuna mti mbaya. Tafuteni uko wapi." Akamweka kivulini, akaacha chupa ya mkaa uliosagwa na maji, anyweshwe mara tatu, akapanda pikipiki akaenda.

Hakuna aliyetafuta. Wote waligeuka wakatazama mlango wangu.

Mama alisimama kwenye mwarobaini na fimbo yake, chupa ya ndama mkononi. Trizah nyuma yake. Na jirani yetu Metrine wa kikundi cha akina mama kanisani, ambaye hajawahi kukosa jambo la mtu.

"Nyar Kuria," Mama akasema, na hakupaza sauti safari hii. "Nilikutumia neno ukakataa. Nikanyamaza. Sasa ndama wangu anakufa. Leo mti utoke hapo, au wewe utoke."

"Mama, mmea huu hauui."

"Umemuua Rateng'."

"Rateng' simjui, Mama, lakini mmea huu naujua. Mimi sitoki, na wenyewe hautoki."

Metrine akapiga makofi. "Heee! Huyu mlimwoa au mlimkodisha?"

Cephas, hapo damu ikanipanda hadi kwenye nywele. Niliingia ndani nikachukua kile kikombe chetu cha harusi, nikamimina chai ya moto kutoka kwenye chupa. Nikatoka. Nikachuma vijiti vinne vya lavenda mbele ya macho yao, nikavitia ndani ya kikombe, nikavikoroga kwa kidole kikaungua. Na nikanywa. Nilikunywa yote, hadi majani yakanigusa midomo.

"Kama ni sumu," nikasema, "nizikeni hapahapa mlangoni! Na juu yangu mpande sukuma wiki!"

Trizah akapiga yowe. "Mama, ameinywa! Anakunywa nyabende!"

Neno hilo sikulijua. Lakini nilimwona Mama akiangusha fimbo. Mama yako, ambaye magoti hayampeleki hata kanisani bila kupumzika mara mbili. Alipita mwarobaini. Aliupita kama haupo! Alikuja mbio uwanja wote, leso imemwanguka, akafika mlangoni pa simba ya mwanawe, akanishika taya kwa mkono mmoja kama anavyoshika ndama, akanisukumia ile chupa ya mkaa kinywani.

"Meza! Meza, nyathina! Mtoto wa watu, meza! Nitamwambia nini mama yako?"

Nilimeza, nifanye nini? Mkono wa mama yako ni koleo. Meno yangu yalikuwa meusi, gauni jeusi, na yeye analia na kunipiga mgongo. Nyathina, Cephas. Mtoto wangu. Hajawahi kuniita hivyo.

Nilipopata pumzi nikauliza, "Mama, nyabende ni nini?"

"Si ndiyo hiyo uliyokunywa? Si ulinitajia mwenyewe?"

"Mimi nilisema labenda!"

Akanisogezea sikio. "Sema tena."

"Labenda."

"Sema polepole, mwanangu. Unataka kusema nini?"

Nikashika mdomo wangu wa chini kwa meno, kama ulivyonifundisha, nikatoa ile v. "La-ve-nda."

Mama akainama mpaka kwenye kituta. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukikaribia. Macho yake hayaoni vizuri, lakini vidole vinaona. Akavunja kijiti, akakisugua kiganjani, akakinusa. Akakinusa tena. Akasema, "Hii si nyabende." Akakaa chini kwenye kizingiti chetu, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. Metrine akauliza kuna nini.

Laiti ningeishia hapo. Lakini sitakudanganya, mimi si mtu wa nyoka.

Mkono wa Mama uliposhika chini ili anyanyuke, ulishika ua langu. Yale matawi niliyokata barabarani, yenye maua ya rangi rangi. Akavunja jani, akalinusa, kicheko kikakatika. "Na hii je?"

Ndiyo nyabende, Cephas. Mimi niliileta. Kwetu tuna jina jingine na tunaichoma tu kama kuni, ng'ombe wetu wana malisho mengi hawaigusi. Tulitazama tukaona matawi manne yametafunwa hadi kwenye mti, na chini pana alama za kwato ndogo.

Kwa hiyo Mama alikosea kuhusu lavenda, na alikuwa sawa kuhusu mlango wangu. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha kwa meno yangu meusi. Nimechimba shimo nimeyafukia yote kwa mikono yangu, na leo nimemnywesha ndama mkaa tangu asubuhi. Kama atakufa nitamlipia hata kwa kufua nguo za Rangwe nzima.

Lakini lavenda ziko palepale. Mama hajasema tena zitoke, nami sijauliza.

Bhoke


Ogwedhi,
25 Aprili 2025

Bhoke,

Nimeisoma barua yako juu ya jukwaa la kupaka plasta, nikalazimika kushuka.

Uliniita mwoga, na una haki. Mama aliniandikia. Aliandika hata habari za Rateng'. Mimi nilijua Rateng' aliuawa na nyabende, na nilijua nilikupa lavenda. Nilikuwa na vipande vyote viwili mkononi, nikashindwa kuviunganisha, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kutafuta namna ya kuwapendeza nyote wawili. Nikaona labda ni uzee tu unamchanganya. Sikuuliza swali hata moja. Fundi asiyeuliza kipimo hujenga ukuta uliopinda, halafu analaumu udongo.

Nyoka niliwatunga nikiwa nakula ugali. Nisamehe.

Nimemwambia tajiri nataka siku nne. Amekataa. Nimemwambia basi atafute mwingine wa kumalizia plasta. Ametoa siku tano. Sikujua kukaidi ni rahisi hivi. Nimejifunza kwako.

Nitakuja na lori la Oyaro, pamoja na ng'ombe, kama ulivyoniamuru. Mkono uleule nitakuja nao. Lakini hautang'oa kitu.

Mume wako,
Cephas


Rangwe,
30 Aprili 2025

Kwa Cephas, mwanangu,

Ni mimi mama yako Teresa. Trizah amerudi chuoni, kwa hiyo anayeandika leo ni bibi yako. (Mpenzi wangu! Nakuwaza usiku na mchana! Ni mimi!) Nimemwambia aandike ninachosema bila kuongeza lake. (Sawa, Mama.)

Ndama anakula. Ngozi ya pua inarudi. Monari amesema ni bahati, alikula kidogo. Mimi nasema ni mkaa, na mkono ulioutia. Bibi yako amelala kando ya ndama huyo siku tatu mchana akimfukuzia nzi. (Nne.)

Nasikia unakuja. Ni vizuri. Usije na mkate, tunao. Pitia Migori kwenye ile nyumba ya wageni, uombe vijiti vitatu vingine vya huo mti, badala ya vile nilivyomtuma Trizah kung'oa. Hivyo ni deni langu, sitaki kusikia habari yake tena. Na uongeze vitatu vya mlango wangu. Vya mlango wa nyuma, Metrine asione. (Nimemwambia sitaandika nyuma. Mama, mlango wako wa mbele ndio wenye jua. Anasema niandike nyuma. Cephas, leta vya mbele.)

Amenishonea kamfuko ka huo mti, nimekaweka kwenye sanduku la nguo za kanisani. Jumapili Metrine alikaa karibu nami akanusa, akanusa tena, akaniuliza ni marashi ya mji gani. Nikamwambia ni mti wa mkwe wangu, yule tuliyemkodisha. (Kwa kweli alisema hivyo! Mbele ya kwaya!)

Sasa habari ya jina. Lile jina sitaki litajwe tena katika boma hili. Limetaka kutuua mara moja, na kinywa cha bibi yako hakitabadilika leo. (Na chako, Mama? Mimi sina v, wewe huna sh. Unasema "samba" kila siku na mimi nakwenda shambani bila kuuliza. Ananicheka. Anasema niandike hata hilo.) Kwa hiyo mti nimeupa jina mimi. Hautaki maji mengi. Hautaki samadi. Ukiuambia toka hautoki. Ukiuvunja ndipo unanukia boma zima. Nimeuita Nyar Kuria.

Ile kalamu ndogo ya kijivu aliyokuandikia imefunguka jana. Anasema ni zambarau. Mimi rangi ya kitu kidogo hivyo siioni, lakini nilienda nikaigusa. Ndiyo, nilienda hadi mlangoni. Nimekwisha kupita mwarobaini mara moja mbele ya watu, na mbingu haikuanguka. Nikiwa na kiu ya kunusa nitakwenda, na anayetaka kusema aseme.

Na wewe, kijana wangu, usituandikie tena habari za nyoka.

Mama yako,
Teresa

Imeandikwa kwa mkono wa Bhoke, Nyar Kuria wa kwanza. Wa pili yuko mlangoni, amechanua, anakungoja kama mimi.